Mhusika Niliyekataa Kumwandika

Juzi niliona neno "Wahusika" katika daftari la binti yangu, nikakumbuka darasa letu la saba kule Litein. Mvua ya alasiri ilipiga mabati, masweta yetu yalinuka unyevu, na harufu ya chai inayokaushwa iliingia kutoka kiwandani. Tulikuwa tukisoma riwaya ya watoto kuhusu saa iliyoibwa, na ndani yake mlikuwa na mchuma chai mwenye koti lililoraruka. Mwalimu alituambia tuwaorodheshe wahusika, nami nikadhani ni wale waliohusika na wizi.

"Chebet, umemsahau mchuma chai," alisema akipitia daftari langu.

"Sijamsahau, mwalimu. Yeye hahusiki."

Darasa lilicheka. Mwalimu akauliza koti lake lililoraruka ni ishara ya nini.

"Wizi," wenzangu walijibu.

"Hata la mama limeraruka kwa kuchuma chai," nilisema. "Ni michai inararua."

Aliniambia nimwandike au nisimame. Nikasimama.

Leo najua mhusika ni mtu yeyote aliye katika hadithi, na mwalimu hakuwa amemshtaki mtu. Lakini darasa zima lilikuwa limemshtaki mchuma chai kwa sababu ya koti lake. Kengele ilipolia, nilikuwa bado nimesimama, na sijutii.