Mvinyo wa bei nafuu kwenye meli ya watalii, na nilichomfanyia mzee wangu gatini

Wakuu, mbukwenyi. Wa Makutupora, wa Mvumi, wa mjini na ninyi wa mikoa ya mbali, habari za mchana.

Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyatenda kwa mdomo wangu. Chumvi sijaongeza. Asiyeamini apite, nyuzi ziko nyingi humu.

Juzi mkuu mmoja, mtumishi wa pale Mtumba, aliuliza swali la maana kabisa. Shemeji yake aliyeko nje kamlipia safari ya meli ya watalii, yeye na mkewe, sasa anataka kujua atakunywaje mvinyo kule bila kurudi na madeni.

Mkamshukia. Mmoja kamwambia abebe gongo kwenye chupa ya maji. Mwingine kamuuliza hiyo likizo kaidhinisha nani. Hivi jamani, mtu akiuliza bei ya kitu ndiyo amekuwa mshamba?

Mimi nimefanya kazi kwenye hizo meli, miaka ya tisini, mhudumu wa ukumbi wa chakula. Nitamjibu. Ila jibu langu limebeba kisa, na kisa chenyewe hadi leo, mvi kichwa kizima, kikinijia nakosa raha siku nzima.

Tuanze na bei. Mvinyo wa melini ni wizi wa mchana kweupe. Chupa ile ile inayouzwa dukani bandarini kwa bei ya kawaida, ikishapanda ngazi ya meli inakuwa mali ya wafalme. Na wanajua huna pa kwenda. Uko katikati ya maji, utatoka uende genge gani?

Kwa hiyo mkuu, dawa ni hii. Meli nyingi zinakuruhusu upande na chupa yako moja, unalipa ada kidogo ya kufunguliwa mezani. Uliza kabla ya kusafiri. Usinunue glasi glasi, hapo ndipo watu wanapolia. Nunua chupa nzima, na usipoimaliza usione haya, mwambie mhudumu aandike namba ya chumba chako, kesho unaikuta. Matajiri wenyewe wanafanya hivyo.

Hiyo ndiyo elimu. Sasa kisa.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa zabibu, Makutupora. Nimekua nikipogoa mizabibu kabla sijajua kuandika jina langu.

Zamani lori la kiwanda lilikuwa linakuja mpaka shambani, linapima, linabeba. Likaja soko huria. Tukaambiwa sasa wakulima mko huru, mmuuzie mnayemtaka. Haya, huyo tunayemtaka yuko wapi? Zabibu si mtama kwamba utaweka ghalani usikilizie bei. Ukishakata, una siku chache tu, baada ya hapo ni siki na nzi.

Lori likawa linakuja likijisikia. Msimu mwingine haliji kabisa. Na wakati huo huo baa za mjini zimejaza mvinyo kutoka nje, wa bei ya kutupa. Mji umezungukwa na zabibu, watu wanakunywa zabibu za ng'ambo. Aliyetuambia tuko huru sijui alikuwa anamwambia nani.

Mzee wangu hakuwa mtu wa kulalamika, kulalamika nimerithi kwa mama. Alikuwa amefanya kibarua kiwandani miaka kadhaa, akaona wanavyokamua. Akaanza kukamua mwenyewe nyumbani, mapipa mawili nyuma ya nyumba. Akachuja, akangoja, akatia kwenye chupa alizookoteza mjini na kuziosha kwa maji ya moto na mchanga. Vizibo alinunua kwa mstaafu mmoja wa kiwanda.

Na ulikuwa mvinyo mzuri wakuu. Simsifu kwa kuwa ni baba yangu. Nimemimina mvinyo wa kila nchi kwa miaka sita, najua ninachosema.

Basi nikiwa likizo nikamsimulia jinsi wageni wa meli wanavyolalamikia bei. Akaniuliza, "Hao wageni wako wanaruhusiwa kupanda na chupa yao?"

Nikamwambia wanaruhusiwa, mtu na chupa yake.

Akageuka kuyatazama mapipa yake. Kisha akasema, "Basi mimi nitawaletea."

Meli yetu msimu ule ilikuwa inapita Dar mara kwa mara. Hesabu yake mzee ilikuwa nyepesi tu. Wageni wakiupenda, kila meli ikitia nanga yeye yupo na kreti lake, na lori la kiwanda lije lisije, zabibu zake hazitaoza. Alikuwa amewaambia na majirani zake wawili wajiandae. Yaani yale mapipa yalikuwa ndiyo tumaini la watu watatu wenye familia.

Hapa nikiri kosa langu la kwanza. Sikumwambia kwamba chupa lazima iwe haijafunguliwa. Haikunijia kabisa. Nani anafungua chupa anayoiuza?

Safari iliyofuata, mezani kwangu alikaa mwalimu mmoja mstaafu na mumewe, wazungu, watu wa heshima zao. Huyo mama alikuwa anasoma orodha ya mvinyo anafunika, anafungua, anafunika tena. Nikamnong'oneza kwamba tukifika Dar kuna mkulima wa bara atakuwa gatini na mvinyo wake mwenyewe, kwa bei ya kibinadamu. Akawaambia wenzake. Wakafika kumi na wawili.

Mzee akaja kwa treni na kreti la chupa kumi na mbili. Jamaa mmoja wa bandarini akamsaidia kibali cha kuingia. Nilipochungulia juu ya meli nikamwona amesimama gatini, koti lake la kanisani, jua la Dar lile, jasho linamtiririka na koti havui.

Wageni wakashuka, wakapanga mstari mbele yake. Na mzee akafanya alichofundishwa na baba yake.

Kwetu, huwezi kumkabidhi mtu kinywaji kabla hujakionja mwenyewe mbele yake. Ukimpa bila kuonja, umemwambia nini? Kwamba humo ndani kuna kitu unakijua wewe. Mtu mzima mwenye adabu anaonja kwanza, anameza, anaonekana amemeza, ndipo anakupa kwa mikono miwili.

Basi mzee akafungua chupa ya kwanza. Akamimina tone kwenye kikombe cha bati, akanywa, akarudisha kizibo, akakigonga kwa kiganja, akakabidhi. Ya pili hivyo hivyo. Zote kumi na mbili. Hakulewa, msianze, ni matone tu. Wageni walifurahi sana, yule mwalimu akamwomba amweleze maana yake, na alipoelezwa akaomba naye tone kwenye kile kikombe, akaonja, akainamisha kichwa kumshukuru.

Mimi nikashuka haraka kusimama chini ya ngazi. Nilikuwa nimeshakumbuka kwamba chupa iliyofunguliwa haipandi.

Pale ngazini alikuwepo bosi wa baa. Mtu wa kutabasamu kwa wageni, akitugeukia sisi uso unakunjamana. Akachukua chupa ya kwanza, akatazama kizibo. Akachukua ya pili. Akasema hizi zimefunguliwa, haziruhusiwi kupanda, zote zinachukuliwa.

Yule mwalimu akajaribu kumweleza habari ya kuonja. Bosi akacheka, kile kicheko cha puani. Akasema mtu mchafu amewauzia takataka.

Mtu mchafu. Mzee wangu, aliyeosha zile chupa mpaka vidole vikababuka.

Mzee akasogea, koti lake na kikombe chake mkononi. Hakubishana. Akaanza kuwarudishia wageni hela zao, mmoja mmoja, wengine wakikataa yeye anawasukumizia mkononi. Chupa zimechukuliwa, hela amerudisha. Amebaki na kreti tupu.

Ndipo bosi akanigeukia. "Wewe ni wa hapa. Huyu mzee unamjua?"

Wakuu, melini ilikuwa ni sheria, mfanyakazi akikutwa anafanya biashara na wageni anashushwa hapo hapo, na mkataba umekufa. Mshahara wangu ndio uliokuwa unasomesha wadogo zangu wanne. Hayo yote yalinipita kichwani kwa nukta moja.

Nikasema, "Hapana. Simjui. Ni mmoja wa wachuuzi wa hapa bandarini."

Nilisema kwa Kiingereza, nikijidanganya kwamba hatasikia. Mzee wangu alikulia Mvumi, ujana wake wote alikuwa mpishi wa wamisionari. Kiingereza alikisikia kuliko mimi.

Akanitazama. Si muda mrefu. Akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini ya mtu anayeomba radhi, "Nisamehe bwana. Sikujua utaratibu wenu."

Akaniita bwana. Akabeba kreti lake, akaenda zake kuelekea getini, na mimi nikabaki nimesimama nimevaa kitambaa cheupe shingoni kama mtu wa maana.

Mnadhani yameishia hapo?

Utaratibu ulikuwa chupa zile zimwagwe. Saa ya chakula nikakuta majagi matatu mezani kwa bosi wa baa, mvinyo mwekundu, na kikadi kimeandikwa mvinyo wa kienyeji. Kwa glasi. Glasi moja ilikuwa ghali kuliko chupa nzima ya mzee pale gatini. Takataka ya mtu mchafu imepanda ngazi, imekuwa mali ya wafalme.

Na aliyeambiwa azungushe hayo majagi ni mimi.

Nikazungusha. Nikamimina. Yule mwalimu akanunua glasi, akaonja, akaiweka chini. Akaniambia taratibu, "Huu ndio ule wa yule mzee."

Akamwita bosi. Bosi akakana, akasema umetoka ghala la meli. Mama wa watu akanigeukia mimi, akaniuliza mbele yake, "Wewe umeuleta mezani. Umetoka wapi?"

Nikamjibu kwamba sisi wahudumu hatuambiwi.

Hakuniuliza kitu tena safari nzima. Asubuhi alinisalimia, alinishukuru kwa chai, basi. Afadhali angenitukana.

Nilimaliza mkataba, miezi saba mingine, nikarudi nyumbani. Njia nzima nimejipanga namna ya kumwingia mzee.

Nimefika, mama kanipokea, kacheka, kalia, halafu akaanza kumsema baba. Eti baba yako mtu wa ajabu, nilimpa mlenda mkavu na karanga akuletee, amekwenda mpaka Dar, amerudi navyo. Anasema kazunguka bandari nzima hajakuona. Meli kubwa kama kilima, mtoto wake yumo, hajamwona. Na chupa zake anasema zilipasukia kwenye treni.

Majirani waliokuwepo wakacheka. Nikajua ni mzaha wa siku nyingi pale nyumbani.

Nikamfuata shambani. Alikuwa anapogoa. Nikamwamkia, nikapiga goti, nikamwambia, "Baba, nisamehe."

Akaendelea kukata matawi. Akasema, "Ungeshushwa pale, wadogo zako wangesoma kwa pesa gani? Nilikuelewa." Akakata tawi lingine. "Ila mama yako asijue. Yeye hataweza kuelewa."

Tukamaliza ule mstari wa mizabibu pamoja, hatukuongea tena habari hiyo mpaka anakufa.

Hasira zangu kwa yule bosi wa baa sijaziacha, wala sitaki kuziacha. Aliiba kwa maskini, akamtukana juu yake. Waliotuacha na zabibu zinaoza nao wana sehemu yao. Lakini nikiwapanga wote kwenye mstari, wa mbele kabisa ni mimi. Wao walimfanyia mtu wasiyemjua.

Mkuu wa Mtumba, nimekujibu. Chupa yako iwe imefungwa, nunua nzima, wakuandikie namba ya chumba. Na ukikuta mtu wako kwenye mlango wa wakubwa, amevaa koti lisilomkaa, ukaulizwa unamjua, sema ndiyo. Kazi nyingine ipo.

Sasa nataka mchango wenu, maana humu kuna wenye hekima pamoja na wale wa gongo kwenye chupa ya maji.

Mama yangu yu hai, mzee sana, akili iko sawasawa. Jumapili iliyopita wajukuu walikuwa wamemzunguka, akawasimulia tena yule babu yao aliyekwenda Dar akashindwa kumwona mtoto wake kwenye meli nzima. Anamwita mzembe, miaka yote hii. Watoto wakacheka mpaka wakalala chini, na mimi nikacheka nao.

Nimwambie, au nitunze neno la mzee? Semeni, nasoma kila jibu.