Karani wa Bourse

Siku ya kufungua mwaka wa masomo, karani wa bourse, ile feza ya kusomea, alijisifu mbele ya banafunzi bote: «Mimi, hata dosiye, karatasi za kuomba, ya mutoto wa jenerali nitairudisha kama haiko kamili.» Tulimupigia makofi, shiye bajinga. Tangu pale, kila asubuhi anapangusa miwani na kravati, analamba kidole, anafungua dosiye yako polepole kama mama anachagula maharagi, kisha anasema kwa sauti ya kanisa: «Mon petit, mutoto wangu, inakosa kitu.» Inakosa kitu kila siku. Kampani kwenye ba papa betu banatumika haibalipe tena, feza inaoza mufukoni, bei inapanda kila siku, na yeye anatafuta kama pini inakosa kwenye karatasi.

Siku ya mwisho ya kuomba bourse, mbele yangu kwenye mustari alisimama binti yake mwenyewe, na foto tatu kama mimi. Zilitakiwa ine. Nikafurahi moyoni: akimupitisha huyu, na mimi napita.

«Papa, studio ilikosa karatasi.»

Akalamba kidole. «Mademoiselle, hapa hakuna papa. Inakosa foto.»

Binti akanigeukia. «Hata kwetu ku nyumba, yeye iko hivi.»

Tulikimbia wote wawili kwa mupiga foto mwingine mbele biro ya karani ifungwe. Tukachanga yote tuliyokuwa nayo, zaïre milioni mbili. Foto moja ilikuwa milioni tatu.