Magunia Matupu ya Marabo

Nilirudi Bunia na diploma ya biashara niliyoilipia mwenyewe kwa kuuza mitumba Kampala, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma mtaani Lumumba. Sikumwomba mtu hata msumari. Kwa hiyo mke wa mdogo wangu alipoanza kuficha tumbo chini ya vikwembe viwili, nilijua ni mimi nitakayelimaliza jambo hilo.

Mimba yake ya kwanza ilitoka. Alikuwa ameanza kupimwa mapema, kama wauguzi wanavyotaka, lakini benchi la akina mama katika kituo chetu cha afya linatazama barabara. Kila aliyekwenda sokoni alimwona. Mimba ilipoharibika, watu walikuja kumpa pole, na pole nyingine zilikuwa na maswali ndani yake: nani alimwonea wivu, alikula nini kwa nani.

Safari hii alikuwa na miezi mitano na miguu imeanza kuvimba. Nikamwambia twende akapimwe.

"Yaya, diploma yako iko ya mimba?" akaniuliza; kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Iko ya biashara. Lakini macho niko nayo. Angalia hiyo miguu."

"Nitaenda ikifika miezi saba. Hapo haiko siri tena. Nikikaa ku ile benchi sasa, watu wataikula kwa midomo mpaka itoke."

Sikubishana naye. Anayejua biashara habishani na mteja. Anatafuta njia nyingine ya kumfikishia mzigo.

Siku ya soko nilimpa magunia matupu, nikatangaza mbele ya majirani kwamba tunakwenda soko la Marabo, nje ya Bunia, kutafuta maharagwe.

"Mama diploma, na weye unabeba gunia?" jirani mmoja akacheka.

"Diploma nayo inakula," nikamjibu.

Marabo hakuna aliyetufahamu, kwa hiyo alikubali kuingia kituo cha afya. Muuguzi wa huko alimpima, akakuta presha imepanda. Akasema kama wifi angengoja hiyo miezi saba, pengine tungempoteza yeye na mtoto. Akampa dawa na kumtaka arudi kila wiki mbili.

Tulipotoka nje, wifi alikuwa bado ameushika mkono wangu.

"Yaya, kila mara tutawaambia watu nini?"

"Maharagwe."

Na tuliyanunua kweli, maana mimi sirudi kutoka sokoni na gunia tupu. Tuliyala sote nyumbani kwangu mpaka msichana wetu akazaliwa, mzima na mwenye sauti. Baba yake, mdogo wangu, hadi leo akiona maharagwe anasukuma sahani.