Mpimaji Anayependa Mwanga

Mpimaji wa zahanati yetu hana maneno na watu. Maneno yake yote ameliwekea tone la damu. Hulichanganya na dawa, akalidondosha kwenye kipande cha kioo chenye mifereji myembamba kuliko unywele, kisha hulibembeleza: “Twende, mama, taratibu, usinibebee hewa.” Kiputo kimoja kikiingia kazi imeharibika, ndiyo maana hubana pumzi mpaka mashavu yamvimbe. Halafu hufunga pazia, akawasha taa yake ya buluu na kuchungulia. Damu yenye dalili za moyo mgonjwa hung'aa kijani. Isiyo nazo hukaa giza.

Juzi ilikuwa zamu yangu. Nimezika ndugu watatu waliokufa kwa ugonjwa wa moyo, na kifua kilinibana wiki nzima, kwa hiyo sikuwa na mzaha. Akachungulia, akapangusa miwani, akachungulia tena. Akanigeukia uso umemshuka.

“Pole sana, bibi. Giza tupu.”

“Yaani moyo wangu mzima?”

“Mzima,” akasema kwa huzuni. “Hata kimwanga kimoja hakuna.”

Nikamwonea huruma, nikamshika mkono. “Usijali, mjukuu wangu. Shemeji yangu analalamikia moyo tangu aoe. Kesho nakuletea.”