Fundi Friji na Kuku wa Juzi

Mtaani kwetu kuna fundi wa majokofu ambaye watoto humwita Baba Barafu, na watu wazima, wakiwa na uhakika hayupo karibu, humwita Onja-Onja. Majina yote mawili anayastahili. Friji iliyowashinda mafundi wengine, yeye huiwekea sikio ubavuni kama mkunga anayesikiliza mtoto, akagonga hapa, akakaza pale, ikaanza kunguruma. Lakini mkono wake ukifanya kazi, ulimi nao haukai bure. Hajawahi kutoka nyumbani kwa mteja bila kujua mboga ya siku hiyo imetiwa chumvi kiasi gani.

Mwaka mzima alikuwa akila kwa adabu, kipande hapa, kijiko pale. Mavuno yake yalikuwa siku zinazofuata Krismasi. Watu hupika kana kwamba dunia inaisha kesho. Kesho inafika, dunia ipo palepale, na masufuria nayo yapo. Basi hujaza friji mpaka mlango unafungwa kwa goti. Wali umemkalia kuku, kuku amekalia viazi, keki imebanwa kwenye kona na bakuli la kabichi. Baridi haina pa kupita, mashine inahema, raba ya mlango inaachia, na mwenye nyumba anapiga simu akiwa karibu kulia.

Hapo Onja-Onja huingia na mkoba wake wa vyuma, akavua viatu mlangoni, akafungua friji, akatikisa kichwa.

"Toa vyote," husema. "Mashine haitengenezwi ikiwa imeshiba."

Vyakula vikishapangwa mezani, huvipitia kwa macho kama jemadari anayekagua jeshi. "Mama, hiyo mifupa ya kuku usiitupe hata kidogo. Itie kwenye sufuria na kitunguu na karoti, ichemke polepole wakati mimi nahangaika na huku. Huo wali uponde, uchanganye na yai, ufinyange viduara, ukaange. Na mkate mkavu huo? Wewe uloweke kwenye maziwa yenye sukari, uoke, halafu utaniambia."

Kwa kuwa chakula kilichotoka kwenye friji mbovu hakiwezi kusubiri, watu walipika. Na kwa kuwa fundi yupo na harufu ipo, walimkaribisha.

"Ah, mimi?" angesema, huku amekwisha kuvuta kiti. "Basi kidogo tu, nisije nikaonekana nina maringo."

Kidogo chake kilikuwa bakuli tatu.

Sasa ajabu ni kwamba nyumbani kwake mwenyewe hakugusa kiporo. Mkewe ni fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, pengine kwa sababu mdomoni mwake mara nyingi mna pini. Naye msimu wake ni huohuo, maana baada ya sikukuu vifungo huruka na zipu hugoma, na mtaa mzima huja kwake kupanuliwa viuno vya nguo. Hata hivyo alikuwa akipasha chakula, akamwekea mumewe sahani, kisha akarudi kwenye cherehani. Mume alikuwa akiisukuma ile sahani kwa kidole kimoja.

"Mke wangu, waliosema walisema. Mla, mla leo. Mla jana kala nini?"

Kisha huyo, kitandani, akikoroma usingizi wa mtu aliyeshiba. Mke, ambaye hakujua la kufikiri, aliingiwa na hofu kwamba mwenziwe anaumwa. Akamtafutia dawa ya kuongeza hamu ya kula. Fundi akainywa kwa utiifu, kijiko asubuhi na kijiko jioni, na wateja wake ndio walioonja matokeo.

Mambo yalifumuka siku ambayo muuguzi wa zahanati alikuja na sketi yake ya kazini. Ni mwanamke mcheshi, mpana, ambaye sote tunamwita Sista. Alijitupa kwenye benchi la fundi cherehani akaanza kulalamika kabla hajaulizwa.

"Shoga, niachie kiuno hiki, lakini kwa nje isijulikane. Mimi nilikuwa nimeapa baada ya sikukuu nitakunywa maji tu. Ila yule mzee wa friji katuharibu! Kaja juzi kwa jirani yangu. Supu aliyomwelekeza, usiulize. Na yeye mwenyewe anakula, jamani! Alipangusa bakuli kwa mkate mpaka nikaogopa ua lililochorwa ndani litabanduka."

Fundi cherehani aliendelea kupima.

"Tena anatia huruma," Sista akasema. "Anasema nyumbani hapati kitu kama hiki. Eti mkewe ni mtu mwema sana, lakini chakula chake hakina salamu."

Futi ya kupimia ilisimama. Mwanamke alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kifuko chake.

"Huyo fundi ana mkoba wa ngozi uliofungwa waya mwekundu kwenye mpini?"

"Huyohuyo! Kumbe unamfahamu?"

"Kidogo," alijibu. "Nimezaa naye."

Sista alijiziba mdomo kwa ile sketi. Alihamia mtaani si zamani, na hakuwa amewahi kuwaona wawili hao pamoja. Aliomba radhi, akaapa kwamba alikuwa anatania, akataka hata kuondoka bila sketi. Lakini mwenziwe hakuwa amekasirika kwa namna anayoijua yeye. Alikuwa akitazama ukutani kama mtu anayepima na kukata kitambaa akilini.

"Friji yako inafanya kazi?" aliuliza.

"Vizuri sana."

"Kesho itaharibika."

Haya yaliyofuata nimeyapata kwa Sista mwenyewe, na wahusika wenyewe hawajayakanusha. Kesho yake mke wa fundi alingoja mumewe atoke, akafungasha kila kilichokataliwa mezani pake: kuku wa Krismasi aliyebaki mgongo na paja, viazi, wali uliokauka, na mkate ambao ungeweza kumwumiza mtu kichwa. Akapitia mlango wa nyuma wa Sista, akafunga aproni. Sista akachomoa plagi ya friji yake iliyo sebuleni, akaiacha sakafuni mahali ambapo hata kipofu angeikanyaga, kisha akapiga simu kwa sauti ya msiba.

Simu haijapoa, Onja-Onja huyo, anavua viatu mlangoni.

Mke alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, akichungulia kwenye upenyo. Alikwisha kujiwekea nadhiri moyoni: akisema ukweli kwamba friji haijachomekwa, nusu ya kosa namsamehe hapohapo. Na fundi aliiona ile plagi. Aliitazama vizuri. Akamtazama Sista. Kisha pua yake ikapata harufu ya kitunguu kinachokaangwa, naye, taratibu, kwa kidole gumba cha mguu, akaisukuma plagi nyuma ya friji.

"Sista," alisema akishusha pumzi, "hii kompresa imechoka. Sikukuu imeitesa. Lazima ipumzike kwanza ndipo niiguse. Ndani mlikuwa na chakula?"

"Kilikuwemo. Yuko dada yangu jikoni, anakipasha."

"Asipashe tu!" Fundi aligeukia mlango wa jikoni, akapaza sauti. "Dada! Mifupa usiitupe! Viazi vichanganye na nyama ya kuku, uzungushie yai! Unanisikia?"

Jikoni kulijibu sufuria.

Mke wake hakuhitaji maelekezo, alikuwa ameshafika mbali. Mifupa ilichemka na tangawizi na pilipili kidogo. Nyama ya kuku aliichambua nyuzinyuzi, akaiponda na viazi na kitunguu, akaifanya mikate midogo ya mviringo, akaikaanga mpaka kingo zikawa kahawia. Mkate mgumu aliuloweka, akauoka na maziwa, mayai na makombo ya keki. Alipika kwa ghadhabu, na Sista anaapa kwamba ghadhabu ilikuwa kiungo kizuri kuliko vyote.

Onja-Onja aliletewa. Akanywa supu, akafumba macho. Akatafuna kiazi, akashika moyo.

"Sista, huu mkono una baraka. Mtu akila hiki, hata deni la dhambi analisahau."

"Lakini fundi, si nyumbani unapikiwa?"

"Napikiwa," alisema, akinyoosha mkono kuchukua kingine. "Mke wangu kwenye cherehani hana mpinzani, nasema kweli. Ila kuku wake, ukimwangalia sahanini, unaona bado ana huzuni ya kufa."

Jikoni upawa ukaanguka.

"Dada kajiunguza?"

"Hapana," Sista alisema, machozi yakimlengalenga. "Anafurahi kusifiwa."

"Basi mwite nimshukuru mwenyewe. Mtu kama huyu hafichwi."

Mlango ukafunguka. Mkewe alitoka na sufuria mkononi, aproni kiunoni, uso mtulivu kama maji ya mtungi.

"Nikuongeze, baba?"

Kile kiazi kilichokuwa kooni kwa fundi kiliteremka kwa shida, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Alitazama mlango wa nje. Mkewe alikuwa amesimama katikati yake na viatu.

"Umefika saa ngapi?" aliuliza.

"Nimefika na kuku. Ndiye yule wa juzi, uliyemsukuma kwa kidole. Mwangalie vizuri, bado ana huzuni?"

"Mke wangu, mimi nilijua. Toka kijiko cha kwanza nikasema moyoni, mkono huu naufahamu..."

"Njia ya mwongo fupi, baba, na wewe umeiwekea kiti ukaketi. Kompresa imeshaamka?"

Fundi alipiga magoti. Aliingiza mkono nyuma ya friji hadi begani, akapapasa, akaitoa plagi imejaa vumbi, akaichomeka. Friji ikanguruma kwa furaha.

"Imepona," alisema kwa sauti ya mtu aliye kanisani. Sista hakuweza kujizuia tena. Alikimbilia chumbani, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mume amebeba sufuria. Walipofika karibu na duka la kona, akasimama.

"Nikuambie ukweli?"

"Ukiweza."

"Chakula ni kilekile, nimekula leo nimejua. Lakini kwa watu nakula nikizungumzishwa. Wananiuliza habari, wananichekea, wananiongeza. Nyumbani unaniwekea sahani, unarudi kwenye cherehani. Nabaki mimi na ukuta."

 Maneno yalimchoma mkewe, maana alijua kwamba yeye mwenyewe miezi mingi alikuwa akila amesimama, kipande cha mkate mkono mmoja, mkasi mkono wa pili.

"Hilo ungelisema kwa mdomo," alijibu. "Mdomo unao. Nimeuona ukifanya kazi."

Hukumu ilitolewa hapohapo. Viporo vyote vilivyobaki angevipika yeye, Onja-Onja, naye mke angekaa mezani mpaka sahani ziondolewe. Hapo ndipo siri ya pili ilipofichuka: aliyeelekeza majiko ya mtaa mzima hakuwa amewahi kushika mwiko. Viduara vya wali vilisambaratika kwenye mafuta. Supu ilikuwa na chumvi ya kuhifadhia samaki. Mkewe aliinywa mpaka mwisho bila kukunja uso, akaweka kijiko chini.

"Yako ina salamu," alisema. "Ila inasalimia kwa kupiga kelele."

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kulikoni.

Mwanzoni mke alikuja mezani na nguo ya mteja mapajani, akishona pindo huku anasikiliza. Baadaye nguo zikabaki chumbani. Mume naye akajifunza, kwa kuunguza kwanza. Bado huenda kwa wateja na bado huonja, lakini siku hizi huacha nafasi tumboni, kwa sababu akirudi ataulizwa chakula cha nyumbani kikoje, na jibu baya halina pa kujificha.

Ukipita kwao siku za baada ya Krismasi, mchana, utawasikia wakibishana kama kitunguu kitangulie au kitunguu saumu. Nakushauri usisimame. Mimi nilisimama. Nilivutwa ndani, nikawekewa sahani mbili, ya mume na ya mke, za mabaki yaleyale, wakanikodolea macho nichague. Nilikula zote mbili nikamaliza, nikasema naitwa kazini, nikatoka mbio. Ilikuwa Jumapili.