Sauti Niliyoizua Pangoni

Nakumbuka siku moja ya msimu wa matunda ya masuku, mwanangu, nilipokuwa na miaka kumi na saba na mdomo usiojua kutulia. Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia wewe na wenzako wa mtaa wa Mfaranyaki mmepanga kwenda Jumamosi kwenye lile pango, mkapige video za nchi iliyofichwa. Sijakukataza bado. Kaa hapo, unywe togwa yako, unisikilize kwanza.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Peramiho, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara kubwa. Nyuma yake kuna kilima chenye miyombo mingi, na ubavuni mwa kilima ndipo lilipo pango. Wazee walituambia kwamba zamani za vita wanawake na watoto waliingia humo kujificha, wakatembea gizani mpaka wakatokea kwenye nchi nyingine chini ya kilima. Huko kuna mto na mashamba ya ulezi, na hakuna anayezeeka. Anayeingia harudi. Ukipita karibu ukasikia jina lako linaitwa, usiitike. Sisi tulikuwa tukienda kuokota masuku tunazunguka mbali, na hata kule mbali tulikimbia.

Rafiki yangu wa karibu aliitwa Otilia. Mwaka ule mama yake alifariki kwa homa ya siku sita tu. Otilia akawa msichana wa kukaa jikoni peke yake, hasemi, chakula anakigusa na kukiacha. Nilimhurumia, lakini huruma yangu ilikuwa ya kitoto. Mimi nilijulikana kwa hadithi, na nilipenda sana wenzangu wanavyonyamaza nikianza kusema.

Basi tulikuwa mtoni tunafua, wasichana watano. Nikasema nilipita karibu na pango kutafuta kuni, nikamsikia mwanamke ndani anatwanga na kuimba. Nikaimba ule wimbo. Ulikuwa wimbo wa mama yake Otilia, aliokuwa akiuimba kila akishika mchi. Mwanangu, nilikuwa sijawahi kufika pale. Nilizua palepale, na sabuni mkononi.

Otilia aliachia kanga yake ikachukuliwa na maji.

"Ulisikia vizuri, Kolumba?" akaniuliza.

Ningeweza kucheka na kusema natania. Wote walikuwa wananitazama. "Nilisikia," nikasema.

Kesho yake asubuhi alikuja kwetu na tochi ya baba yake. Nilimfuata, maana kukataa kungekuwa kukiri uongo. Njiani nilijiambia kwamba akifika ataogopa, tutarudi, na mambo yataishia hapo.

Mdomo wa pango ni mfupi, lazima uiname. Jua lilikuwa kali, lakini hewa iliyotoka mle ilikuwa ya baridi, ina harufu ya popo na ya majivu yaliyolowa. Otilia hakuogopa. Aliinama akaingia, mimi nikabaki nje nimeshika jiwe. Niliona mwanga wa tochi ukienda, ukapinda kona, ukapotea. Kisha nikamsikia akiita, "Mama." Akanyamaza. Akaita tena.

Kikaja kitu nisichoweza kukueleza vizuri hata leo. Sauti ya mwanamke, ya chini, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, ikasema, "Otilia."

Ingekuwa mwangwi, ungerudisha neno "mama". Najua hivyo, nimelifikiria miaka yote hii. Na Otilia akaitika, "Abee," kama unavyomwitika mzazi. Nikasikia mawe yakiporomoka, halafu kimya.

Nikakimbia. Nilifika nyumbani nikachukua ungo, nikaanza kupepeta mahindi yaliyokwishapepetwa. Mama akauliza, "Mwenzio yuko wapi?" Nikasema sijamwona. Baba yake Otilia alipita mara ya kwanza akiuliza, akapita mara ya pili. Mara zote mbili nilisema sijamwona, na kila niliposema, ndani yangu niliiona tochi ile ikizidi kufifia. Niliogopa pango. Lakini zaidi, mwanangu, niliogopa watu wajue kwamba nilidanganya.

Alasiri akaja Babu Gaudensi, ndugu yake babu yangu, mzee asiyependa maneno mengi. Alichuchumaa mbele yangu, akaushika ungo ukatulia.

"Umemwacha wapi?" akauliza.

Nikasema yote. Hakunipiga. Aliwaita wanaume wanne wachukue kamba na taa ya karabai, akaniamuru nitangulie.

Walimkuta kwenye shimo, mbali kidogo baada ya ile kona. Mguu ulikuwa umevunjika, lakini alikuwa macho, anaongea polepole na mtu tusiyemwona. Mwanga ulipomfikia alisema, "Zimeni. Mnamfukuza." Wale wanaume wakatazamana, na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kutoka.

Walimbeba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Babu Gaudensi alitembea nami nyuma.

"Hakuna mto mle," akaniambia. "Mama yangu mdogo aliingia na watoto wawili wakati wa njaa ya vita. Hawakutoka. Tulishindwa kuwaambia watoto kuna mifupa, tukawaambia kuna nchi. Sisi tulisema hivyo ili msiende. Wewe umesema ili aende."

"Na ile sauti, babu?"

"Sauti siijui ni ya nani. Nimewahi kuisikia. Kesho utamwambia Otilia kwamba ulizua."

Nilimwambia, nimesimama kando ya kitanda chake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akageuza uso ukutani akasema, "Kwa hiyo amekufa."

Hakusema nami mpaka mvua za mwaka uliofuata. Leo anaishi Lizaboni, ndiye huyo bibi unayemwamkia shikamoo kila Jumapili baada ya misa, anayechechemea. Tulipatana. Ila ile siku hatuizungumzi, na mtu akimwita kwa nyuma haitiki mpaka amwone uso.

Sasa nakushauri, mwanangu. Usimpe mtu mwenye msiba habari usiyoiona kwa macho yako, hata kama unadhani unamfariji, maana yeye ataifuata hadi shimoni. Ukikosea, sema mapema, aibu ikiwa bado ndogo. Mimi nilinyamaza tangu asubuhi hadi alasiri, na saa zile Otilia alikuwa gizani na mguu uliovunjika. Na pale pangoni, msiende. Sisemi kuna nchi, wala sisemi hakuna kitu. Nasema kuna watu walikufa mle kwa njaa, akina mama na watoto wao, na hawakuingia ili waje kupigwa picha.

Mungu akulinde unapotoka na unaporudi. Akupe ulimi mwepesi kwa ukweli na mzito kwa uongo, na wanaokupenda wakuite nawe uwaitike bila hofu, miaka mingi, mwanangu, mingi kuliko yangu.