Sehemu ya Kufa

Niliporudi Kigoma na stashahada yangu ya uhandisi mitambo, sikuificha kwenye begi. Niliitia kwenye fremu ya kioo nikaitundika ofisini, mahali ambapo kila anayeingia karakana yetu ya mabehewa lazima aione. Hakuna aliyenisomesha. Ada ya mwaka wa kwanza niliibeba mgongoni pale Kibirizi, magunia ya dagaa kutoka kwenye boti hadi kwenye malori, mpaka ngozi ya bega ikawa ngumu kama soli. Nilipomaliza chuo nilifanya kazi nchi za watu, kwenye kiwanda kinachounda mabehewa ya abiria. Wenye digrii walikuwepo kule, na si mara moja walikuja mezani kwangu kuuliza.

Nasema haya kwa sababu ni kweli. Lakini kuna mtu mmoja aliyenifundisha kabla ya chuo, naye ni mjomba wangu, kaka yake mama, mchomeleaji aliyeheshimika kuliko wote pale karakana. Ndiye aliyenishikisha koleo la kuchomelea nikiwa bado nasoma shule ya msingi Ujiji. Niliporudi nikiwa msimamizi wake kazini, niliendelea kumwamkia shikamoo mbele ya mafundi wote, naye aliitikia marahaba kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie.

Karakana ilikuwa imepewa kazi ya kufufua mabehewa ya zamani ya abiria. Mimi nikaona nafasi yangu. Mabehewa yale yaliundwa yawe magumu kuanzia ncha hadi ncha, na watu huona huo ndio usalama. Sivyo. Behewa gumu likigonga, chuma hakiumii, ila kishindo chote kinapita hadi kwa aliyekaa ndani. Nilichora ncha mpya. Pale mwisho wa behewa, penye mlango na choo, ambapo hapana viti, nilipunguza nguvu ya mihimili kwa kuitoboa matundu kwa mpangilio, ili ikigongwa ijikunje pole pole na kumaliza kishindo kabla hakijafika kwa abiria. Sehemu ya viti niliiacha imara.

Mafundi niliwaeleza kwa mfano wa Kibirizi. Mpagazi anayerushiwa gunia kutoka kwenye boti akilipokea kwa mikono iliyonyooka, anavunjika kiganja. Anayejua kazi anakunja viwiko, anakunja magoti, anarudi nyuma hatua moja, na gunia linatua kama limewekwa. Behewa langu, nikasema, litakunja viwiko. Walicheka, mmoja akauliza kama litaomba na maji ya kunywa baada ya kazi. Nikajua wameelewa.

Kwenye mchoro ilibidi niipe sehemu ile jina. Kule nilikotoka ilikuwa na jina refu la kitaalamu, mimi nikataka neno ambalo fundi yeyote atalishika. Nikaandika kwa herufi kubwa: SEHEMU YA KUFA. Nilimaanisha chuma kinachokufa ili mtu asife. Nililipenda jina lile. Nilijiona nimewashinda hata waliotunga lile refu.

Kazi ya kuchomelea ncha nilimpa mjomba, kwa kuwa sikumwamini mwingine.

Siku ya majaribio walikuja wageni watatu kutoka makao makuu ya wenye mabehewa. Wao ndio wangeamua kama mabehewa yaliyobaki yatafuata mchoro wangu, na walikuwa wanaondoka jioni hiyohiyo. Tuliweka mifuko ya mchanga kwenye viti badala ya watu, tukalisukuma behewa kwenye njia ya pembeni likagonge behewa la mizigo lililojaa kokoto. Nilikuwa nimewaambia wageni wasimame wapi ili waone ncha ikijikunja.

Haikujikunja. Behewa liligonga, likaruka, likarudi nyuma. Ncha ilikwaruzika rangi tu. Ndani, viti vya mbele viling'oka sakafuni na mifuko ikapasuka, mchanga ukamwagika hadi mlangoni. Mgeni mkubwa wao, mzee mwenye miwani, aliuliza kama ndivyo ilivyochorwa. Kabla sijajibu, mjomba alisema, "Tumefuata mchoro."

Niliingia chini ya behewa na suruali yangu nzuri niliyowavalia wageni. Nyuma ya kila tundu palikuwa na bamba la chuma, limechomelewa, limesagwa kwa grinda likawa laini, kisha likapakwa rangi nyeusi. Pembeni mwa bamba moja grinda haikufika vizuri, nikauona mshono wenyewe: vijimawimbi vidogo vilivyolingana, kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki. Kila mchomeleaji ana mwandiko wake. Huo ndio niliofundishwa kuuiga nikiwa mtoto.

Nilipotoka, niliwaomba wageni wanipe muda hadi baada ya chakula. Mjomba nilimkuta nyuma ya karakana, mbele yake ugali na samaki wa mgebuka, amenawa tayari.

"Mjomba, umeziba matundu."

"Nimeziba."

"Kwa nini?"

Alimega tonge, akalitazama, hakulila. "Wewe mwenyewe uliandika. Sehemu ya kufa. Dada yangu anapanda treni hiyo kwenda Tabora kumwona mdogo wako. Ulitaka nimtengenezee dada yangu mahali pa kufia?"

"Ni chuma kinachokufa, Mjomba. Si mtu."

"Hukuandika chuma."

Nilikaa kwenye tairi bovu pembeni yake. Hasira zangu zilikosa pa kushika, maana neno lilikuwa langu. Nilimuuliza kwa nini hakuja kuniuliza. Akasema aliniona nimelifurahia sana lile jina, akaona haya kunisahihisha mbele ya watu, akarekebisha kimya kimya kama mtu anayemrudishia mwanawe kifungo cha shati. Hapo nilimsamehe, na ninasema kweli. Nilimwomba kitu kimoja tu: mchana ule awaambie wageni kwamba matundu yalizibwa, ili wanipe siku nyingine ya jaribio. Alinitazama machoni.

"Nitasema mwenyewe," akaniahidi. "Usinisemee wewe. Itakuwa aibu, mtoto wa dada yangu kunisemea."

Nikakubali. Nilimpelekea hata maji ya kunawa.

Tulipokutana mchana, mzee mwenye miwani alikuwa ameshalizunguka behewa mara mbili. Alisema tatizo ni viti, vifungwe kwa bolti nene zaidi. Ila ncha, alisema, hajaona ncha kama ile. Imegongwa vile na haijapinda hata kidole. Akauliza nani amechomelea. Mafundi wakamwonyesha mjomba. Mzee akampa mkono, akasema Kigoma kuna watu, na kwamba mabehewa yote yaundwe hivyohivyo.

Nilimsubiri mjomba aseme. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa mgeni, na alikuwa anatabasamu kama siku aliyomwoza binti yake. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha nikavunja ahadi, nikasema mimi: kwamba matundu yamezibwa, kwamba ugumu ule ndio uliong'oa viti, kwamba mifuko ile ingekuwa watu tungekuwa tunabeba maiti.

Wageni waligeuka kwa mjomba. Hakukasirika. Aliniwekea mkono begani, begani kwangu pale penye ngozi ngumu, akawaambia kwa upole, "Huyu kijana wetu amesoma sana. Chuma tu hajakizoea."

Watu wakacheka kwa heshima. Mzee akacheka. Mimi, niliyekuwa nikiulizwa na wenye digrii, niliinamisha kichwa, kwa kuwa aliyesema alikuwa ndiye aliyenifundisha chuma. Wakasaini karatasi juu ya boneti ya gari, wakaondoka.

Mabehewa yanatembea hadi leo. Naandika barua makao makuu, najibiwa kwamba zimepokelewa. Mjomba amestaafu, na cheti alichopewa kwa zile ncha kimewekwa kwenye fremu. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, na hatujawahi kulizungumza tena.

Mama akisafiri mimi ndiye ninayempeleka stesheni. Safari iliyopita nilimtafutia kiti katikati ya behewa, mbali na ncha, nikamwekea kikapu chini ya miguu. Nilipokuwa nashuka nilimwona kupitia dirishani anainuka na kikapu chake. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kule mbele," alisema. "Kaka yangu ameniambia nikae karibu na pale alipopaimarisha yeye."

Nilimwambia akae nilipomweka. Akaniuliza sababu, nami nikaanza kumweleza habari za viwiko na magunia. Filimbi ikapigwa, akanipungia mkono mmoja, akaenda kukaa mbele.